Usiogope Kuikata Haibiskasi

Je, haibiskasi yako imerefuka, majani tele, maua haba? Pengine samadi imezidi. Lakini mara nyingi kosa ni kuogopa kisu. Ua la haibiskasi hutoka kwenye chipukizi jipya, basi huna budi kukata matawi makuukuu. Ila huku Arusha, chini ya Mlima Meru, usikate Juni wala Julai: baridi huchelewesha machipukizi. Ngoja Septemba, kabla ya mvua za vuli. Punguza theluthi ya kila tawi, juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Utakosa maua majuma kadhaa, vumilia. Vipande vyenye unene wa penseli usivitupe, mpe jirani anayetaka ua wa nyumba. Aondoe majani ya chini, afukie macho mawili katika udongo wenye unyevu, kivulini.