Saa nane ya wapi, kaka?

Kabla hujanicheka, msomaji wangu, kumbuka na wewe una ndugu majuu.

Bibi yetu alifariki kule Momela, mwezi Januari. Kaka yangu anabeba boksi Uholanzi, na ndiye mjukuu aliyelelewa na bibi. Tukampigia. Akalia, akakopa nauli, akatuma meseji: "Natua KIA kesho saa nane." Wazee wakapanga: saa nane anatua, saa tisa na nusu yuko Momela, saa kumi tunazika.

Saa saba tuko uwanjani na gari la kukodi. Saa nane, kimya. Saa tisa, kimya. Saa kumi baba mdogo anapiga simu: "Mko wapi? Mchungaji ameshafika!" Dereva naye anahesabu hela yake. Nikamfuata mlinzi. Akacheka: "Ndege ya Amsterdam? Hiyo saa mbili usiku, kijana!"

Kha! Nikakaa chini nikapiga hesabu ambayo ningeipiga jana yake.

Amsterdam hadi KIA, ukinyoosha mstari, ni karibu kilomita 6,900. Ndege inakula saa 8 na dakika zake. Basi la Dar kuja Arusha, safari isiyofika kilomita 700, laweza kukuweka barabarani kuliko hapo. Haya, kaka aliondoka saa 4 asubuhi ya kwao. Kwetu ni saa 6 mchana, maana kipindi chao cha baridi tunawatangulia saa 2. Mwisho wa Machi wanasogeza saa zao mbele, tofauti inakuwa saa 1 mpaka mwisho wa Oktoba. Ongeza saa 8 za angani: saa 2 usiku. Kizungu ndiyo hiyo saa nane ya jioni. Kaka, kwa miaka aliyokaa kule, aliandika nane yao. Sisi tukasoma nane yetu.

Huku karibu na ikweta jua halina maringo, mwaka mzima linachomoza karibu muda uleule, ndiyo maana tunaanza kuhesabu nalo. Wenzetu wanaanza usiku wa manane. Mwanzoni mwa Januari, Amsterdam jua linazama kabla ya saa 11 jioni. Ukihesabu kwa jua kule, umepotea.

Msibani kukawaka. Wazee wengine walitaka tuzike tu, watu wameshakula na mchungaji ana safari. Mama akakataa kata kata. Mazishi yakasogezwa kesho yake, tukakopa mchele dukani, watu wakapikiwa tena.

Kaka alifika usiku. Hakula. Alikaa pembeni ya jeneza la bibi mpaka kunakucha, na hakuna aliyemgombeza. Baba mdogo, aliyekuwa mkali kuliko wote, alinivuta kando akaniambia, "Tungezika, huyu angekuta udongo."

Kwa hiyo ndugu yako akisema anatua saa nane, muulize: mchana au usiku? Saa za huku au za huko? Tarehe ngapi ya kwetu? Akikuona mshamba, mwache akuone.