Chungu cha Mboga: Chakula Halali na Chepesi kwa Familia za Kisumu



Katika darsa za akina mama huku Kisumu, swali moja hurudi mara kwa mara. Mama anayerudi jioni kutoka kazini au sokoni, na watoto wanangojea chakula baina ya Maghrib na Isha, apike nini kilicho halali, chenye kuujenga mwili, na kisichomchosha? Swali hili ni dogo kwa maneno lakini kubwa kwa maana. Maradhi ya sukari na shinikizo la damu yameingia katika nyumba zetu. Wengi wetu tuliotoka pwani tulikuja bara na mazoea yetu ya jikoni: wali, chapati, nyama, viazi vya kukaanga, na chai yenye sukari nyingi. Mboga tumeiweka pembeni ya sahani, tena kidogo, na wako wanaoiona kuwa ni chakula cha siku ya dhiki. Makala haya yanakusudia kuirudisha mboga katikati ya sinia.

Halali na kizuri

Katika Suratul Baqara, aya ya 168, Mwenyezi Mungu anawaita watu wote wale vilivyomo ardhini vilivyo halali na vizuri. Masharti ni mawili. Sisi la kwanza tumelishika kwa mikono miwili, na la pili tumelilegeza. Tunauliza ni nani aliyechinja, na kuuliza huko ni wajibu. Lakini hatuulizi mafuta haya yamekaangiwa mara ngapi, wala chumvi imemwagwa kiasi gani, wala mtoto huyu mara ya mwisho kula jani la kijani ilikuwa lini.

Kisumu si Mombasa wala Lamu. Bucha ya halali ipo, lakini haipo katika kila mtaa, na nyama ni ghali. Hapo ndipo ilipo rehema ya mboga na samaki: vyote viwili havihitaji kisu cha mchinjaji. Suratul Maida, aya ya 96, imetuhalalishia mawindo ya majini, na maji matamu ya ziwa letu hayatoki katika hukumu hiyo. Mayahudi, katika sheria yao ya chakula waiitayo kosher, hawali samaki asiye na magamba, kwa hiyo kambare kwao ni mwiko. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu, kambare, ngege, mbuta na omena wote ni halali.

Yako mambo machache ya kuyaangalia. Samaki halali anaweza kukaangwa na mwuza vibanzi katika mafuta yaleyale yaliyokaangia soseji isiyojulikana asili yake. Mboga halali inaweza kuungwa kwa supu ya mifupa ya mnyama asiyechinjwa kisharia. Vidonge vya kuongeza ladha navyo visomwe maandishi yake kabla ya kununuliwa. Anayepika nyumbani kwa kitunguu, nyanya na ndimu amejiondolea shaka hizo zote.

Bibi wa Madina na chungu chake

Anayedhani kwamba mboga ni unyonge, na aisikilize habari iliyopokewa na Imamu Bukhari kutoka kwa Sahli bin Saad (R.A.). Palikuwa na bibi mmoja Madina aliyepanda mboga iitwayo silq kandokando ya mifereji ya shamba lake. Kila Ijumaa aling'oa mashina yake, akayatia chunguni pamoja na shayiri kidogo aliyoisaga. Masahaba walipotoka katika sala ya Ijumaa walimpitia, wakamsalimu, naye akawatengea. Wakawa wakiifurahia siku ya Ijumaa kwa sababu ya chakula kile.

Silq ni mboga gani? Ni jamaa wa karibu kabisa wa ile tunayoiita spinachi katika masoko ya Kenya, yenye majani mapana na shina jeupe nene. Kwa hiyo mboga iliyowafurahisha Masahaba tunapita mbele yake kila siku pale Kibuye. Naye Anas bin Malik (R.A.) amesimulia kwamba fundi cherehani mmoja alimwalika Mtume (S.A.W.) kwa mkate wa shayiri na mchuzi uliokuwa na boga na nyama kavu, akamwona Mtume akivifuata vipande vya boga katika sahani. Tangu siku hiyo Anas akalipenda boga.

Tazameni chakula cha yule bibi: chungu kimoja, mboga moja, na nafaka kidogo. Hakuna kazi kubwa ndani yake, na utukufu wake unasimuliwa hadi leo.

Mboga za Kibuye kwa majina yetu

Soko la Kibuye huchangamka zaidi siku ya Jumapili. Mgeni kutoka pwani anaweza kupita mbele ya mboga alizozoea kwao bila kuzitambua, kwa sababu zinaitwa kwa Kijaluo. Osuga ndio mnavu. Apoth ndio mlenda. Dek, ambayo wengine huiita saga, ndio mgagani. Boo ni majani ya kunde. Susa ni majani ya maboga. Ododo ndio mchicha.

Mboga hizi ni hazina. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Maseno, karibu na hapa, kisha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, ametumia miaka mingi kuzitafiti mboga za asili na kuwahimiza wakulima wazirudie. Nalo Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Kiasi hicho hakitimii kwa kijiko kimoja cha sukuma wiki kando ya mlima wa wali.

Kazi ipo katika kuchambua

Mpishi yeyote anajua kwamba mboga haichoshi katika kupikwa. Inachosha katika kuchambuliwa. Mlenda huiva kwa dakika chache, lakini kulichuma jani mojamoja kwaweza kumaliza saa nzima. Basi wepesi utafutwe hapo.

Kwanza, chambueni mara mbili kwa wiki, msichambue kila siku. Mboga iliyochambuliwa bila kuoshwa, ikafungwa katika kitambaa kikavu na kuwekwa kwenye friji au mahali pa baridi, hukaa siku mbili tatu. Ioshwe siku ya kupikwa, tena kabla ya kukatwa, ili uzuri wake usitoke na maji.

Pili, wako wauzaji sokoni wanaouza mboga iliyokwisha kuchambuliwa. Kwa mama mwenye kazi nyingi, nyongeza hiyo ya bei si israfu.

Tatu, kazi hii hufanywa kwa kukaa, na mikono midogo inaiweza. Watoto wakae mkekani wachambue huku wakidurusu sura zao za madrasa. Mama atasikiliza hifdhi, na mboga itakwisha.

Mapishi matatu

La kwanza ni osuga na saga kwa tui. Kwa watu sita, chukua mafungu mawili makubwa ya osuga na moja la saga. Saga ni chungu, hivyo itangulie kuchemshwa kwa maji kidogo dakika kumi, kisha tia osuga kwa dakika tano. Katika sufuria nyingine kaanga kitunguu kwa kijiko kimoja cha mafuta, tia nyanya mbili, halafu mboga, halafu kikombe cha tui, ichemke polepole dakika tano. Chumvi itiwe mwisho, nayo iwe kidogo. Palipo shida ya nazi, tumia maziwa kama wafanyavyo majirani zetu Wajaluo. Mafuta ya tui au maziwa huusaidia mwili kuipokea vitamini A iliyomo katika majani. Magadi hayana lazima: huongeza chumvi na kuharibu baadhi ya vitamini. Vitunda vibichi vya mnavu vitupwe, kwani vina sumu.

La pili ni omena na mchicha. Osha vikombe viwili vya omena kavu kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, mchanga utoke, kisha wachuje. Kaanga kwa mafuta kidogo hadi wakauke, tia kitunguu, nyanya tatu na kitunguu saumu. Nyanya zikilainika, tia mchicha uliokatwa, funika dakika tano, kamulia ndimu. Omena huliwa mzima na mifupa yake, na humo imo madini ya kujenga mifupa ya watoto na ya akina mama. Ndimu na nyanya huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika mboga, lakini chai huyazuia. Kwa hiyo chai isubiri saa moja baada ya chakula. Pishi zima halizidi nusu saa, nalo huliwa kwa ugali wa mtama au wa wimbi.

La tatu ni chungu cha Ijumaa, kwa kumkumbuka yule bibi wa Madina. Usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya Isha, roweka vikombe viwili vya pojo, ambazo huku bara huitwa ndengu. Asubuhi zichemshe pamoja na gao la mchele. Zikikaribia kuiva, tia vipande vya boga, karoti moja, kitunguu na bizari. Mwisho tia spinachi, mashina yakitangulia na majani yakifuata. Watu wakirudi kutoka msikitini, chakula ki tayari katika chungu kimoja, na chombo cha kuosha ni kimoja.

Akizidisha maji kidogo, mama atakuwa ametekeleza wasia wa Mtume (S.A.W.) kwa Abu Dharr (R.A.), kwamba apikapo mchuzi azidishe maji na awaangalie majirani zake. Huku Kisumu jirani yako huenda si Mwislamu. Bakuli la mboga halina ubishi baina yenu.

Neno kwa akina baba

Haya yote yataharibika ikiwa baba ataingia nyumbani, afunue kawa, aseme, “Leo hakuna chakula?” kwa sababu tu hakuona nyama. Mtume (S.A.W.) hakukitia ila chakula hata mara moja: alipokipenda alikula, na asipokipenda alikiacha. Na Bi. Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake, na sala ikifika hutoka kwenda kusali. Ikiwa huo ndio mwenendo wa mbora wa viumbe, basi mwanamume wa leo kuchambua fungu moja la osuga si kupungukiwa na heshima.

Aliyepewa masharti ya chakula na daktari wake ayafuate hayo kwanza. Waliobaki tuanze na kidogo: siku tatu katika wiki, mboga iwe ndiyo chakula na nyama iwe kitoweleo. Mwili ni amana, na mama anayetulisha naye ni amana. Tukimchosha kwa mapishi ya fahari kila siku, kisha tukaugua kwa hayohayo mapishi, tutakuwa tumezikosa amana zote mbili.

Mola azibariki riziki zetu, azipe siha familia zetu, na awalipe kheri wote wanaosimama mbele ya meko kwa ajili yetu. Wabillahi tawfiq.