Maneno ya Ardhi: Kuieleza Jiografia ya Singida kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mhadhara huu unachunguza uhusiano uliopo baina ya istilahi za jiografia zinazotumika shuleni na ardhi anayoiona mwanafunzi anapotoka darasani. Eneo lililoteuliwa kuwa mfano ni Mkoa wa Singida, ulioanzishwa mwaka 1963 katikati ya Tanzania Bara, na ambao kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na watu zaidi ya milioni 2. Mkoa huu unafaa kwa sababu mbili. Kwanza, mambo mengi yanayotajwa katika vitabu vya jiografia yapo hapo hapo: bonde la ufa, maziwa ya chumvi, mbuga, nyanda kame na mawe makubwa ya graniti, ambayo katika kamusi huitwa pia matale. Pili, mtoto asomaye katika shule ya umma mkoani humo, kama wenzake kote nchini, huyasoma mambo hayo kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha huyarudia kwa Kiingereza katika sekondari.

Mjadala wa lugha ya kufundishia nchini Tanzania kwa kawaida huelekezwa kwenye swali moja: je, Kiswahili kina istilahi za kutosha? Swali hilo limejibiwa kwa vitendo kwa muda mrefu. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limesanifu istilahi za nyanja nyingi, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba katika jiografia tatizo kubwa zaidi liko kwingine. Istilahi zipo, lakini baadhi yake zimebeba mazingira ya mahali pengine, nyingine zimehama kutoka katika maana yake ya awali, na nyingine ni tafsiri ambazo hazijafunguliwa. Mwanafunzi huzikariri bila kuziunganisha na ardhi iliyo chini ya miguu yake.

2.0 Majira ya pwani katika nchi ya bara

Msamiati wa majira katika Kiswahili ulizaliwa pwani. Vuli, masika, kipupwe, kaskazi na kusi ni maneno ya wakulima, wavuvi na mabaharia wa mwambao, na yanaeleza kwa usahihi mkubwa mwaka wa huko: mvua fupi za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na mvua ndefu za masika kuanzia Machi hadi Mei. Mtoto wa Iramba au Manyoni akijibu katika mtihani kwamba kuna misimu miwili ya mvua, huenda akapewa alama zote, ilhali nyumbani kwao msimu ni mmoja tu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hulizingatia jambo hili. Katika utabiri wake hutenga vuli na masika kwa maeneo yenye misimu miwili, na kwa mikoa kama Singida, Dodoma na Tabora hutumia jina jingine, yaani mvua za msimu, zinazonyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Sababu ya tofauti hiyo inaelezeka kwa Kiswahili chepesi. Ukanda ambamo pepo za kaskazini na za kusini hukutana, na ambamo mvua nyingi hutokea, hulifuata jua. Hupita ukielekea kusini, kisha hurudi kaskazini. Katika pwani ya kaskazini safari hizo mbili huacha nafasi baina yake, na kila moja huleta msimu wake. Katika kanda ya kati na ya kusini nafasi hiyo hupungua, na misimu miwili huungana kuwa mmoja. Baada ya Aprili pepo za kusini-mashariki hutawala, nazo huwa zimekwisha kupoteza sehemu kubwa ya unyevu kabla ya kufika bara. Ndiyo maana sehemu kubwa ya Singida hupata takriban milimita 600 hadi 800 za mvua kwa mwaka, kisha hukaa miezi sita au zaidi bila mvua ya maana.

Mkulima wa Singida anajua pia kwamba msimu huo mmoja unaweza kukatika katikati, mvua ikasimama kwa majuma kadhaa mnamo Januari au Februari wakati mazao yangali machanga. Jina la kitaalamu la kipindi hicho halijazoeleka katika Kiswahili cha shuleni, pamoja na kwamba mavuno ya mwaka mzima huweza kutegemea urefu wake. Hapa ndipo inapoonekana gharama ya kufundisha majira ya mahali pengine: jambo lenye uzito mkubwa katika maisha ya mwanafunzi hukosa nafasi katika somo lake.

Jambo linalofanana na hilo limetokea katika istilahi za hali ya hewa na tabianchi. Kwa miaka mingi hali ya hewa ilitumika kwa maana zote mbili. Neno tabianchi, lililotokana na tabia ya nchi, limesaidia kutenganisha hali ya siku au juma na wastani wa miaka mingi, ambao kwa desturi ya wataalamu hupimwa kwa miaka 30. Hata hivyo, kuwa na maneno mawili hakutoshi. Mwalimu asipoeleza kwamba mwaka mmoja wa ukame hauthibitishi wala kukanusha mabadiliko ya tabianchi, maneno hayo hubaki kuwa visawe viwili, kimoja kikionekana cha kisasa zaidi.

3.0 Neno mbuga na safari yake

Ukimuuliza mwanafunzi wa leo maana ya mbuga, jibu lake huwa ni wanyama: simba, twiga na watalii. Maana hiyo imetokana na matumizi ya mbuga za wanyama, nayo imeenea kiasi cha kuifunika ile ya awali, ambayo ni uwanda wa chini ulio wazi, wenye majani, unaojaa maji wakati wa mvua. Katika nyanda za kati za Tanzania mbuga ina sifa mahususi. Udongo wake ni mweusi na wa mfinyanzi. Huvimba na kunata ukilowa, na hupasuka nyufa pana ukikauka.

Maana hii ya zamani ina nafasi katika historia ya sayansi. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, alikuwa akichora ramani ya udongo wa Afrika Mashariki. Alibaini kwamba aina za udongo hazikutawanyika ovyo, bali zilifuatana kwa mpangilio uleule kutoka kilele cha kilima hadi bondeni, na kwamba mpangilio huo ulijirudia kilima baada ya kilima. Mwaka 1935 aliuita mpangilio huo kwa neno la Kilatini catena, lenye maana ya mnyororo. Pingu ya mwisho ya mnyororo huo, chini kabisa, aliiita mbuga. Kwa pingu za juu yake alitumia majina ya wakulima wa Kisukuma, kama luseni kwa udongo wa kichanga. Dhana hiyo inafundishwa hadi leo katika vyuo vikuu vya nchi nyingi, na neno mbuga limo katika maandishi ya kitaalamu ya Kiingereza.

Mnyororo huo unaonekana bila kifaa chochote katika vijiji vingi vya Singida. Juu kuna mawe ya graniti. Jua la mchana na baridi ya usiku, pamoja na maji yanayopenya katika nyufa zake, huyamega polepole. Chini ya mawe kuna mchanga mwekundu au wa kahawia uliotokana na kumegeka huko, ambao ni mwepisi kulima lakini una rutuba ndogo. Chembe laini zaidi husombwa na maji hadi chini, zikakusanyika na kuwa ule mfinyanzi mweusi. Kilima, shamba na mbuga ni hatua tatu za kazi moja ya maji. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Neno lililoisaidia sayansi ya dunia linatoka katika nyanda hizi, nalo halielezwi kwa maana hiyo kwa watoto waishio kando ya mbuga zenyewe.

4.0 Ufa, genge na ziwa

Istilahi bonde la ufa ni tafsiri. Kila sehemu yake inaeleweka, na hilo ndilo linalopotosha. Bonde humfanya mwanafunzi afikirie mto uliochimba ardhi. Ufa humfanya afikirie ukuta uliopasuka. Bonde la ufa halikuchimbwa na mto, wala si mwanya ulioachwa wazi. Ni sehemu ya ardhi iliyodidimia kufuata mistari ya mivunjiko mirefu katika miamba, wakati sehemu za kando zilipobaki juu. Kitenzi kinachofaa kutangulia maelezo yote ni kudidimia.

Tawi moja la bonde hilo, lile la Eyasi na Wembere, hupita kaskazini-magharibi mwa Singida. Anayesafiri kwa barabara kutoka Singida kwenda Nzega hushuka Sekenke kabla ya kufika Shelui, kisha hujikuta katika uwanda tambarare wa Wembere. Mbele yake haoni ukuta wa pili unaolingana na ule alioushuka, kwa kuwa si kila bonde la ufa lina kuta mbili kama picha za vitabuni zinavyoonyesha. Wasafiri huiita sehemu hiyo Mlima Sekenke. Katika lugha ya barabarani mlima ni mahali popote ambapo gari hupanda kwa taabu, hata kama juu yake hakuna kilele bali uwanda mwingine. Neno lililo karibu zaidi na dhana hii ni genge, lenye maana ya ukingo mkali wa ardhi, lakini mwanafunzi wa sasa akilisikia huwaza kibanda cha nyanya na vitunguu. Mwalimu anayelitumia hana budi kulifufua kwanza.

Uwanda wa Wembere unaeleza pia chumvi ya maziwa. Maji ya mto Wembere huingia katika Ziwa Kitangiri, wilayani Iramba. Kutoka hapo Mto Sibiti huyapeleka katika Ziwa Eyasi, ambalo halina pa kuyatoa. Kila mto hubeba kiasi kidogo cha chumvi kutoka katika miamba. Ziwa lenye mto unaotoka huipitisha chumvi hiyo, na Kitangiri ni ziwa la wavuvi. Ziwa lisilo na mto unaotoka hupoteza maji yake kwa mvukizo tu, na mvukizo huchukua maji ukaiacha chumvi. Ndivyo ilivyo kwa Eyasi, na ndivyo ilivyo kwa Singida na Kindai, maziwa mawili yaliyo kando ya mji wa Singida, ambako heroe huonekana wakitafuta chakula. Mwanafunzi aliyefundishwa sababu hii anaweza kulikuta ziwa lolote katika ramani, akatazama kama lina mto unaotoka, na kukisia ladha ya maji yake.

5.0 Watu na lugha zao

Jiografia ya watu hufundishwa katika sura nyingine, kana kwamba watu walipangwa juu ya ardhi baada ya somo la kwanza kwisha. Singida haikubali utengano huo. Wanyaturu, wajiitao pia Warimi, wamelima uwele na mtama katika udongo mwepesi wa miinuko, na wamefidia upungufu wa rutuba kwa samadi ya mazizi yao. Mwanaanthropolojia Harold Schneider, katika kitabu chake kuhusu Wanyaturu kilichochapishwa mwaka 1970, alionyesha jinsi ng'ombe na nafaka zilivyofungamana katika uchumi wao. Mbuga imekuwa malisho wakati miinuko imekauka. Alizeti, zao lililoupa mkoa jina katika miongo ya karibuni, nayo imefaa kwa kuwa huvumilia mvua chache. Magharibi, katika vichaka vizito vya Itigi, riziki imetokana zaidi na nyuki.

Bonde la ufa limeacha alama hata katika lugha. Ndani ya Singida na mikoa inayopakana nayo hukutana lugha za Kibantu kama Kinyaturu na Kinyiramba, Kidatooga cha jamii ya Kiniloti, Kiiraqw cha jamii ya Kikushi, pamoja na Kisandawe na Kihadza. Mwaka 2008 wanaisimu Roland Kießling, Maarten Mous na Derek Nurse walieleza kwamba lugha hizi, licha ya kutofautiana nasaba, zimeambukizana sifa za kisarufi na kisauti kwa kuishi pamoja katika eneo hilo. Kwa mwanafunzi wa isimu hili ni somo la jiografia. Kwa mwanafunzi wa jiografia ni somo la isimu.

6.0 Neno na usalama wa watu

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani, katika Mkoa wa Manyara unaopakana na Singida. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Kwa kuwa Hanang ni mlima wa volkano, uvumi ulienea kwamba umelipuka. Serikali ililazimika kueleza kwamba hapakuwa na mlipuko, bali sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mengi ikaporomoka.

Tofauti baina ya mlipuko wa volkano na maporomoko ya tope haikuwa ya kitaaluma tu siku hiyo. Anayeamini kwamba mlima umelipuka huutazama moshi na kilele. Anayefahamu maporomoko huitazama mvua, hukagua mikondo ya maji iliyo juu ya nyumba yake, na hujiuliza kama mahali alipojenga palikuwa njia ya maji zamani. Maneno yote mawili yamo katika vitabu vya shule. Kilichohitajika ni watu wengi zaidi wanaojua kila moja linaeleza nini.

7.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba jiografia ya Singida inaelezeka kwa Kiswahili kuanzia pepo hadi chumvi ya ziwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliitambua nafasi ya Kiswahili katika kufundishia ngazi zote, ingawa Kiingereza kimeendelea kushika nafasi hiyo katika sekondari. Lugha yoyote itakayotumika, istilahi isiyofunguliwa haitamsaidia mwanafunzi.

Yapo mambo matatu yanayoweza kufanywa bila kusubiri uamuzi mwingine. Watunga kamusi waonyeshe maneno ya majira yanatumika wapi, na wairejeshe maana ya udongo katika kidahizo mbuga. Wanaisimu wakusanye majina ya udongo, mvua na maumbo ya ardhi katika Kinyaturu, Kinyiramba na lugha jirani wakati wazee wanaoyajua wangali hai. Na mwalimu awatoe wanafunzi wake nje saa moja tu, awatembeze kutoka kwenye jiwe la graniti hadi mbugani, na kila hatua awaulize udongo huu unaitwaje nyumbani kwao, na umefikaje hapo.