Barafu ya Rwenzori inaisha: mto Mubuku utakunywa wapi?

Ndugu msomaji, wewe mama unayeamka saa kumi ya usiku kushika foleni kwenye robine, na wewe kijana unayeosha madini mtoni, leo tupande pamoja mlima Rwenzori. Juu ya nini? Kwa sababu kule kuna mto wenye fundisho kwa sisi watu wa migodi.

Mlima huu uko mpakani: magharibi ni Kongo yetu, mashariki ni Uganda. Kilele chake, Margherita, kina meta 5 109. Katika Afrika nzima, ni Kilimanjaro na mlima Kenya tu inayoupita. Ikweta iko karibu kabisa, lakini kule juu kuna barafu. Chini yake wanaishi Wakonjo wa Uganda na ndugu zao Wanande wa kwetu. Wakonjo wanaiita theluji ile Nzururu.

Kwenye barafu za upande wa Uganda ndiko Mubuku unazaliwa. Mto Bujuku, unaotoka katikati ya milima Stanley, Speke na Baker, unaungana nao. Mubuku unashuka kwa nguvu juu ya mawe, unapita kwenye mianzi, unafika tambarare ya Kasese, kisha unaingia ziwa George. Kutoka hapo maji yanapita mfereji wa Kazinga mpaka ziwa Edouard, tunalogawana na Uganda. Yanatokea kwa mto Semliki, ndani ya Kongo, na huko yanakutana na maji ya mto Butahu, yaliyoshuka upande wetu wa mlima uleule! Halafu ziwa Albert, halafu Nili, mpaka Misri. Maji haina pasiporo.

Mto huu unafanya kazi gani? Mgodi wa shaba wa Kilembe, uliofanya kazi toka 1956 mpaka 1982, ulijenga kwenye Mubuku santrali ya umeme ya megawati 5. Baadaye ikajengwa nyingine ya megawati 10 kwa kiwanda cha kobalti cha Kasese, na mwaka 2009 ya tatu huko Bugoye, megawati 13. Kule tambarare, wakulima wanaongoza maji kwa mifereji mpaka mashambani. Mto mmoja, mgodi na chakula pamoja.

Sasa sikia jambo la kuhuzunisha. Mwaka 1906, mtawala wa Abruzzi kutoka Italia alipopima mlima huo, barafu ilifunika karibu kilometa 6,5 za mraba. Mwaka 2003 ilibaki karibu 1 tu, na tangu hapo imezidi kupungua, kwa sababu dunia inapata joto.

Je, mto utakauka? Wataalamu walipima Mubuku kule chini. Walikuta kwamba maji ya barafu hayafiki hata 2 kwa mia. Yanayobaki ni mvua! Pori na matope ya mlimani yanakunywa mvua kama eponji, kisha yanaiachilia polepole, hata wakati wa kiangazi. Basi anayelisha mto kila siku ni pori lile, ambalo hakuna mtu anayelipiga picha.

Lakini tusifurahi mbio. Jirani ya Mubuku kuna mto Nyamwamba, unaopita Kilembe penyewe. Mabaki ya mgodi yaliachwa kando yake. Tarehe 1 Mei 2013 mvua kubwa ilinyesha, mto ukatoka kitandani mwake, ukabeba mawe, nyumba na madaraja, ukaingia hospitali, watu wakakufa. Mei 2020 ukarudi tena. Mgodi ulikuwa umefungwa zamani, lakini uchafu wake haukufungwa.

Mpendwa, barafu hatuwezi kuirudisha kwa mikono yetu. Lakini miti ya kando ya mto, anayeikata kwa makala ni nani? Mchanga wa madini, anayeumwaga majini ni nani? Ni sisi wenyewe, mara nyingi kwa sababu ya njaa, ni kweli. Lakini mtoto wa jirani kule chini anakunywa maji yaleyale.

Jioni hii, nyumbani mwenu, mukae pamoja na mujiulize: maji tunayokunywa yanatoka mlima gani? Nani yuko juu yetu, na nani yuko chini? Kabla ya masika, tupande miti mingapi? Baba asijibu peke yake. Watoto nao waseme.