Tezi Mbili Zilizo Juu ya Figo

Mhariri ameniomba niandike jambo moja la elimu ya viumbe ambalo hata mzazi asiyepata kuingia maabarani ataweza kulifuata. Nimechagua tezi za adrenali. Ni ndogo mno, hata wanafunzi wapasuapo panya huzikwangua pamoja na mafuta ya figo wakidhani si kitu. Tena zikiharibika, mtu huugua polepole kwa namna ambayo wenzake humwita mvivu, au jamaa zake husema karogwa, na miezi hupita kabla hajafikishwa kwa daktari.

Tezi hizi ni mbili, moja juu ya kila figo, mfano wa kofia iliyovaliwa upande. Uzito wa kila moja ni kama gramu 4 au 5 tu. Ukiikata katikati utaona ganda la nje lenye rangi ya manjano, na ndani yake kiini chenye rangi iliyokoza zaidi. Ijapokuwa zakaa pamoja, sehemu hizo mbili zina kazi mbalimbali.

Kiini ndicho mashuhuri, kwani ndicho kitoacho adrenalini. Mbwa mkali akikutokea njiani, ubongo hupeleka habari kwa njia ya neva, na kufumba na kufumbua adrenalini imekwisha kumwagwa katika damu. Moyo waenda mbio, mboni za macho zapanuka, njia za hewa zafunguka, ini latoa sukari, na damu yaondolewa tumboni kwenda kwenye misuli ya miguu. Jokichi Takamine, Mjapani aliyefanya kazi Marekani, alitangaza mwaka 1901 kwamba ameitenga katika tezi za wanyama. Hata leo madaktari huitumia kumwokoa mtu aliyeumwa na nyuki akavimba koo.

Lakini ajabu ni hii: mtu aweza kuishi bila ya kiini hicho, maana neva zenyewe hutoa kitu cha jamii moja na adrenalini. Bila ya ganda la nje, asipopewa dawa, hufa. Sisi walimu twasimulia sana habari za mbwa na kukimbia, na ganda twalipitia kwa sentensi mbili. Nadhani yafaa iwe kinyume.

Ganda hutoa aldosteroni, iiamuruyo figo isiipoteze chumvi ya mwili. Hutoa pia kortisoli, ambayo husaidia kushikilia sukari na nguvu ya msukumo wa damu, hasa wakati wa homa, jeraha au njaa. Kortisoli hupanda alfajiri karibu na saa ya kuamka, na hupungua sana usiku wa manane. Msimamizi wake ni pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo, yenye ukubwa kama wa punje ya njegere. Kortisoli ikipungua, pituitari hutuma homoni yake kulihimiza ganda, ikitosha, hunyamaza.

Mwaka 1855 Thomas Addison, daktari wa hospitali ya Guy's mjini London, alitoa kitabu chenye habari za wagonjwa 11. Walikuwa wamedhoofika, hawana hamu ya chakula, na ngozi zao ziligeuka kuwa nyeusi. Addison alionyesha kuwa asili yake ni kuharibika kwa tezi hizi, na miongoni mwa wagonjwa hao wamo walioliwa tezi na kifua kikuu. Ngozi huwa nyeusi kwa sababu ganda likifa, pituitari huendelea kuhimiza bila ya kujibiwa, na homoni yake ikizidi huamsha pia seli zitengenezazo rangi ya ngozi.

Mwingereza akigeuka rangi, kila mtu ataona. Kwetu tulio weusi alama hii hujificha, nasi hatuna budi kutazama ufizi, ulimi, mikunjo ya viganja na makovu mapya. Dalili nyingine ni kukonda, kutapika, kizunguzungu mtu asimamapo, na uchu wa chumvi, hata mtoto kuilamba mkononi. Ulaya siku hizi tezi huharibiwa zaidi na kinga ya mwili wenyewe. Penye kifua kikuu kingi, ugonjwa huo bado ni sababu ya kuangaliwa.

Zamani ilikuwa kungoja kufa. Edward Kendall, Tadeusz Reichstein na Philip Hench walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1950 kwa kazi yao juu ya homoni za ganda, na vidonge vyake vimewaponya wengi na mauti. John F. Kennedy, aliyekuwa Rais wa Marekani tangu 1961 hadi 1963, aliambiwa mjini London mwaka 1947 kuwa ana ugonjwa wa Addison. Alitawala huku akitumia dawa za namna hii, na watu wake hawakupenda ijulikane.

Kortisoli ikizidi nayo ni taabu: uso huwa wa duara, mafuta hujaa mgongoni chini ya shingo, mikono na miguu hukonda, na michirizi ya zambarau hutokea tumboni. Harvey Cushing wa Marekani ndiye aliyeeleza hali hiyo.

Hapa nawaomba wazazi wasome kwa makini. Vidonge vya prednisoloni, wapewavyo wagonjwa wa pumu na wengineo, hufanya kazi ya kortisoli. Mtu akivimeza kwa majuma mengi, pituitari hunyamaza na ganda husinzia. Akiviacha ghafula kwa kuwa amejiona mzima, mwili hubaki mtupu. Daktari ndiye wa kuvipunguza kidogo kidogo. Mkorogo nao, utumiwao na wale wanaojichubua, mara nyingine huwa na dawa kali za jamii hiyo, nazo hupenya ngozini hadi kwenye damu.

Mwenye ugonjwa wa Addison hufundishwa kuongeza vidonge akipata homa, kwa kuwa tezi nzima ingeongeza yenyewe. Akitapika, vidonge havikai tumboni. Hapo ni sindano ya haidrokotisoni na maji ya chumvi ya mshipani, usiku huo huo, bila ya kungoja kupambazuke.