Trekta Kuukuu Likiwa na Usukani Mzito

Ndugu wakulima, trekta kuukuu lenye usukani wa pawa likianza kuwa zito kona, wengi wetu husema papo hapo: "Pampu imekufa!" Pampu ni ghali. Tuanze na yale yasiyo na gharama.

Kwanza, pima upepo wa matairi ya mbele. Tairi lililolegea hukaza usukani. Halafu tia grisi kwenye maungio ya magurudumu hayo.

Pili, tazama oili ya usukani. Zima injini, ufute vumbi kwenye kifuniko ndipo ufungue, mchanga usije ukaingia. Ikiwa imepungua, ongeza aina iliyoandikwa katika kitabu cha trekta lako. Ikitoa povu, hewa inaingia. Kaza mpira unaopeleka oili kwenye pampu. Ikiwa nyeupe kama maziwa, imeingia maji; imwage yote, utie mpya.

Tatu, washa injini, zungusha usukani polepole kushoto na kulia mara kadhaa ili hewa itoke. Zima, kisha pima oili tena.

Sasa sikilizeni vizuri: usitafute mahali panapovuja kwa kidole. Oili yenye msukumo hupenya ngozi kama sindano. Tundu ni dogo, lakini mtu aweza kukatwa mkono. Tumia kipande cha boksi. Ikikupata, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama huumwi.

Usukani ukibaki mzito baada ya hayo yote, ndipo umwite fundi aipime pampu. Kwaherini.