Vifaa vya jiko dogo katika chumba cha wageni: tuchague kwa kipimo gani?

Baadhi ya sharika, vikundi vya kina mama na familia katika milima yetu ya Usambara wamegeuza vyumba visivyotumika kuwa vyumba vya wageni wa siku chache. Wageni hao ni watalii wanaopanda Irente na msitu wa Magamba, wazazi wanaotembelea watoto shuleni, na ndugu wanaokuja kuuguza wagonjwa. Wengi huomba sehemu ndogo ya kupikia. Swali tunaloulizwa mara kwa mara ni hili: tununue vifaa gani, na tuanze na kipi?

Tulivyojifunza kwa hofu

Tulianza vibaya. Katika nyumba moja tuliyokuwa tukisaidia kuiandaa, tulinunua vitanda na mapazia mazuri, lakini hatukuweka kitu cha kuchemshia hata kikombe cha maji. Usiku mmoja wa mwezi Julai familia iliyokuwa inauguza iliazima jiko la mkaa ili wapike uji wa mtoto. Kwa kuwa baridi ilikuwa kali, walipomaliza waliliacha ndani lipashe chumba joto, madirisha yakiwa yamefungwa. Mama aliamka kichwa kikimuuma sana na miguu ikiwa haina nguvu, akajikokota hadi mlangoni na kuufungua. Tunamshukuru Mungu kwamba wote walipona. Lakini kosa lilikuwa letu, si lao.

Mkaa unapoungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hii haina harufu wala rangi. Huchukua nafasi ya oksijeni katika damu, na aliyelala anaweza asiamke tena. Kwa hiyo kanuni yetu ya kwanza ni kwamba jiko la mkaa halilali chumbani. Ili mgeni asilihitaji, mpe blanketi za kutosha na njia salama ya kupata maji ya moto.

Birika la umeme litangulie

Kama fedha inatosha kifaa kimoja tu, nunua birika la umeme linalojizima maji yanapochemka. Uniti moja ya LUKU huchemsha takriban lita 8 hadi 9 za maji yetu ya baridi. Mgeni atapata chai, maji ya kumwandalia mtoto maziwa, na hata ya kuongeza kwenye ndoo ya kuogea.

Jiko: umeme au gesi?

Gesi ya mitungi hupika haraka na haikatiki umeme unapokatika. Lakini ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutulia chini sakafuni, mahali ambapo mgeni analala. Aidha, mgeni wa siku mbili hajui tabia za jiko lako. Ushauri wetu ni kwamba gesi iwekwe katika jiko la pamoja lenye madirisha, mtungi ukiwa nje ya ukuta, na mpira wake ukaguliwe mara kwa mara kwa povu la sabuni. Ndani ya chumba cha kulala litumike jiko dogo la umeme.

Hapa ndipo hesabu inapohitajika. Soketi ya kawaida ya nyumbani hubeba ampea 13, yaani karibu wati 3,000 kwa umeme wetu wa volti 230. Birika la wati 2,000 hutumia karibu ampea 9. Jiko la wati 1,500 hutumia ampea 6 na nusu. Ukiviunganisha vyote kwenye ekstensheni moja, jumla inapita ampea 15. Waya hupata moto, plastiki huyeyuka, na nyumba yenye dari ya mbao inaweza kuungua. Hivyo kila kifaa cha kupasha moto kiwe na soketi yake ukutani, na fundi aliyesajiliwa akague kama nyaya za nyumba zinahimili na kama waya wa kwenda ardhini upo. Fedha ya fundi huyu iwekwe kwenye bajeti kabla ya fedha ya vifaa.

Mlimani maharage hayaivi haraka

Wageni kutoka Tanga au Dar es Salaam hushangaa maharage na makande kuchelewa kuiva. Si maharage mabaya. Lushoto mjini ni takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya juu ina mgandamizo mdogo. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, lakini kwetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ukiongeza moto, maji hayapati joto zaidi. Yanakauka tu na uniti zinakwisha.

Sufuria ya presha hutatua jambo hili, kwa sababu hufungia mvuke ndani na joto hupanda kupita nyuzi 110. Ile ya umeme hujizima yenyewe mara kwa mara, hivyo sufuria ya maharage mara nyingi haimalizi hata uniti moja. Bandika ukutani maelezo mafupi ya Kiswahili na Kiingereza: isijazwe kupita theluthi mbili, na isifunguliwe kabla mvuke haujaisha.

Friji ya nchi ya baridi

Mgeni anayenunua jibini ya Irente au matunda njiani Soni atapenda friji. Ndogo ya mlango mmoja inatosha. Lakini soma kibandiko chake. Friji yenye alama T peke yake imeundwa kwa chumba chenye joto la nyuzi 16 hadi 43. Usiku wa Julai chumba chetu kinaweza kushuka chini ya hapo, na friji ikadanganyika kwamba baridi imetosha. Barafu ikayeyuka na nyama ikaharibika. Tafuta yenye alama SN, au SN-T, inayofanya kazi kuanzia nyuzi 10. Nunua pia kifaa cha kuilinda umeme unapopanda na kushuka.

Vinavyoweza kusubiri

Maikrowevu, tosta na mashine ya kahawa vinaweza kusubiri. Kila kifaa kinachoongezwa kinataka soketi, usafi na fundi. Kisu kikali, ubao wa kukatia, sufuria mbili zenye mifuniko na thermosi vitamfaa mgeni zaidi.

Kwa kifupi, utaratibu tunaoupendekeza ni huu: kwanza ukaguzi wa nyaya na blanketi; pili birika; tatu jiko dogo la umeme; nne sufuria ya presha; na mwisho friji. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwezi Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Vyumba vyetu vya wageni vinaweza kuwa sehemu ya safari hiyo. Zaidi ya hayo, anayelala kwetu aamke salama.